Nina laki mbili na nusu mkononi. Niingie kangomba?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Tandahimba kwa mama yangu mzazi tangu nilipoachika. Asubuhi nauza vitumbua na chai ya rangi karibu na stendi. Nikitoa mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa, siku nzuri inanibakia 6,000, siku mbaya 3,000 au chini yake. Kwa wiki nahesabu 30,000 hivi. Mama ana shamba la mikorosho la ekari tatu aliloachiwa na bibi. Miti ni ya zamani lakini bado inazaa. Mimi ndiye ninayepalilia, kuokota na kuanika, maana mama magoti yamemchoka.

Kinachonisumbua ni kwamba kila mwaka tunavuna na kila mwaka tunarudi palepale. Mwaka jana mwezi wa saba mwanangu mdogo aliugua akalazwa, mama akauza gunia mbili kwa kangomba, yaani kwa mtu wa mtaani anayetoa pesa mapema kwa bei ya chini, korosho zikiwa bado maua, kwa 1,000 kila kilo. Tulipata 160,000. Msimu ulipofika tuliokota kama kilo 480. Kilo 160 zikaenda kwa yule aliyetupa pesa, 320 tukapeleka chama cha msingi cha ushirika. Ukitoa makato tulilipwa wastani wa 2,700 kwa kilo, ikaingia 864,000 kwenye akaunti ya mama. Kufika mwezi wa pili haikuwepo. Tulilipa deni la dukani, tukanunua mabati, sare za shule, godoro na simu, tukatoa mchango wa unyago wa binti wa kaka, na iliyobaki siwezi kukwambia ilikwenda wapi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mtaji wangu ulikata. Nikakopa 150,000 kwa watu wanaokopesha mtaani. Wakakata 10,000 ya fomu, nikapokea 140,000, na narudisha 18,000 kila wiki kwa wiki kumi. Nimeshalipa nne, zimebaki sita. Kila Jumatatu nikimwona yule kijana anakuja na daftari lake, tumbo linanikata.

Sasa VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, imevunja mzunguko na mgao wangu ni 250,000. Sijawahi kushika pesa yangu nyingi namna hii kwa mkupuo. Shoga yangu wa jirani anasema nisiichezee, niingie kangomba. Niwape watu 1,000 kwa kilo sasa hivi, kila mtu ana shida mwezi huu, halafu Oktoba nachukua kilo zangu 250 na kupeleka mnadani kwa jina la mama. Bei ikiwa kama ya mwaka jana nashika 675,000. Yeye amejenga nyumba ya matofali kwa kazi hiyo hiyo. Nikajiuliza, sisi tumeliwa kila mwaka, kwa nini na mimi nisile? Lakini usiku silali.

Mwingine amenialika kwenye kundi la WhatsApp ambapo unaweka 50,000 na kupata 150,000 ndani ya wiki. Na kaka yangu naye anataka Desemba binti yangu wa miaka 11 achezwe unyago, ametaja 700,000.

Shangazi, mtu wa kipato kama changu anaweza kweli kujenga mali, au hayo ni ya wenye mishahara?

Mama Vitumbua, Tandahimba

JIBU

Marahaba mwanangu. Na pole kwa hizo Jumatatu.

Nianze na shoga yako, kwa sababu hesabu aliyokupa ni sahihi. Ukitoa 1,000 mwezi wa saba na kupokea 2,700 mwezi wa kumi na moja, hakuna benki wala duka hapa Kusini litakalokupa faida ya namna hiyo. Ndiyo maana kangomba haifi, ingawa imepigwa marufuku na kila kiongozi anayepita anaikemea. Sitakudanganya kwamba hailipi.

Ninachotaka ukione ni kwamba faida hiyo imelala ndani ya nyumba yenu, na mwaka jana mliitoa nje kwa mikono yenu. Gunia mbili za mama zilikuwa kilo 160. Mlichukua 160,000. Zingefika ghalani zingewaingizia 432,000. Tofauti ni 272,000, na hiyo ni zaidi ya mgao wako mzima wa VICOBA. Basi ukitumia pesa uliyonayo kuhakikisha mwaka huu mama hauzi hata kilo moja ikiwa ua, utakuwa umepata faida ya kangomba yote. Hujavunja sheria, hujamnyang'anya mtu, na huhitaji kumfuata mkulima yeyote Oktoba umkumbushe ahadi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya hiyo 250,000 yako, na sioni kazi nyingine inayoishinda.

Sasa tuitazame ile ya shoga yako kwa undani, maana najua maneno yake yatakurudia. Korosho yetu tangu 2007 inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka chama cha msingi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, pesa inaingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Kwa hiyo mwenye kangomba hana njia ya kuuza kwa jina lake. Lazima ajifiche kwenye jina la mtu mwingine, na kwako mtu huyo ni mama yako. Shamba lake la ekari tatu linajulikana, mavuno yake ya mwaka jana yameandikwa. Ghafla apeleke kilo 730? Wenye kumbukumbu hawajasahau msimu wa 2018. Wanunuzi walipoleta bei za chini, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300, jeshi likasomba mzigo, halafu kukafanyika uhakiki kijiji kwa kijiji: onyesha shamba lililotoa korosho hizi. Waliokuwa na korosho bila mikorosho walikwama. Tena siku hizo wapo pia wakulima wa haki waliosubiri malipo yao kwa muda mrefu. Ukiwa umekopesha pesa yako yote ya mwaka, subira ya namna hiyo inakumaliza.

Na tuseme hakuna uhakiki. Ni nani anauza korosho ikiwa ua? Ni mtu ambaye mtoto wake amelazwa. Ni mzee asiye na unga mwezi wa saba. Wewe unamjua, kwa sababu mwaka jana alikuwa mama yako. Umeniambia hulali usiku. Mimi nadhani moyo wako umeshajibu, na naomba uusikilize. Nimekaa na vikundi vya akina mama Lindi na Mtwara kwa muda mrefu, na nimeona mtaa unavyobadilika pale jirani anapoanza kumkwepa jirani njiani mwezi wa kumi kwa sababu ya gunia moja.

Lile kundi la WhatsApp toka leo hii. Watu wazima wanakumbuka ule upatu wa DECI, walivyoambiwa "kupanda mbegu" na kuvuna mara mbili na mara tatu, mpaka 2009 ikasimamishwa na maelfu wakabaki na risiti mkononi. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, na hili la simu linakwenda hivyo hivyo.

Turudi kwenye deni, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo ambalo hujaliona. Kwa hesabu yao riba ni 20%, yaani 150,000 irudi 180,000. Si kweli. Ulishika 140,000 na utarudisha 180,000 ndani ya wiki kumi, tena unaanza kurudisha wiki ya kwanza, huku riba imepigwa kwenye deni zima kana kwamba pesa yote unakaa nayo hadi mwisho. Ukiikokotoa vizuri inakuja karibu 5% kwa wiki. Kwa wiki, mwanangu. Benki Kuu imeweka ukomo wa 3.5% kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hawa wenye leseni wasiopokea amana za watu. Waombe wakuonyeshe leseni na mkataba wako, una haki ya kuviona vyote viwili. Watu wameipa mikopo hii jina la kausha damu, na wewe umeshaujua ukavu wake.

Je, ukalipe yote leo kwa pesa ya VICOBA? Wengi watakwambia ndiyo bila kufikiri. Mimi nasema uliza kwanza: nikimaliza 108,000 zote leo, mnanipunguzia kiasi gani? Wakikupunguzia 15,000 au 20,000, lipa, mpate kuachana. Wakisema hakuna punguzo, usiwalipe mapema, maana hutaokoa hata senti, na utabaki bila akiba mwezi wa saba, mwezi ule ule uliowaingiza kangomba mwaka jana. Endelea na 18,000 yao mpaka wiki ya mwisho. Ila wakija na maneno matamu ya kukuongezea mkopo mwingine juu ya huu ("wewe mlipaji mzuri, chukua laki tatu"), kataa. Hapo ndipo mtu anazama.

Na angalia hili. Wiki nne umetoa 18,000 kila wiki kwenye kipato cha 30,000. Umeteseka, lakini umetoa. Umeniuliza kama mtu wa kipato chako anaweza kujenga mali. Wewe tayari unatoa, isipokuwa unamjengea mtu mwingine. Siku deni hili linapoisha, usiiache ile 18,000 ipotelee kwenye matumizi. Elfu nane irudi jikoni, mle vizuri kidogo kuliko sasa. Elfu kumi endelea kuitoa Jumatatu ile ile, ila safari hii iende kwenye hisa zako za VICOBA. Kwa mwaka ni 520,000 kabla ya faida ya mzunguko. Hiyo ni zaidi ya nusu ya msimu mzima wa korosho, na haingoji mvua wala mnada.

Sasa ile 250,000. Kama hawakukupa punguzo, toa 60,000 uipeleke shambani wiki hii, usingoje. Mikorosho inachanua sasa, na ugonjwa wa ukungu, ubwiriunga, ukiingia kwenye maua hakuna korosho ya kuokota Oktoba. Nenda ofisi ya chama chenu cha msingi uhakikishe mama yumo kwenye daftari la wakulima waliosajiliwa, maana salfa na viuatilifu vya ruzuku vinagawiwa kwa usajili huo, na wapo wazee wanaokosa mgao wao kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kuulizia. Pesa itakayotoka iwe ya kukodi mashine ya kupulizia, petroli yake, na kibarua wa palizi ili chini ya miti pawe safi. Korosho isiyoonekana kwenye majani inaoza. Ukianza kuokota, okota kila siku, anika siku mbili tatu juani, chambua kabla ya kupeleka. Bei ya daraja la kwanza na la pili hazifanani, na tofauti hiyo unaipata kwa mikono yako tu.

Inabaki 190,000. Hiyo ndiyo ngome yenu mpaka mnada. Isikae ndani, isikae kwenye simu ambako inatoka kwa kubonyeza, iweke kwenye akaunti ya benki ya jina lako. Mama ajue ipo. Hili ni muhimu: atauza gunia kwa siri kama hajui kwamba kuna pesa ya dharura, kwa sababu hataki kukusumbua. Mwambie waziwazi, "Mama, mwaka huu likitokea lolote tusiguse korosho, ipo hii." Mtoto akiugua, chukua humo. Sukari ikipanda, hapana.

Halafu msimu unakuja, na hapo ndipo sisi watu wa Kusini tunapoteza zaidi kuliko kwenye kangomba. Unajua Tandahimba inavyokuwa pesa za korosho zikiingia: wauza nguo kutoka kila upande, redio kubwa, masofa kwenye malori, pikipiki mpya. Hao wafanyabiashara wanaijua tarehe ya malipo kuliko wakulima wenyewe. Siwalaumu, wanatafuta riziki. Lakini pesa iliyokuja bila mpango itapangiwa mpango na wao. Kwa hiyo mpango wenu uandikwe kwenye karatasi mwezi wa tisa, kabla shilingi moja haijaingia, mkiwa mmekaa wewe na mama. Nakukumbusha kwa upole kwamba shamba ni la mama. Wewe unafanya kazi, ndiyo, na jasho lako lina haki yake, lakini neno la kwanza ni lake. Usimletee mpango uliokwisha kuamua.

Mkiandika, tumieni bei ya chini. Msimu wa 2024 tuliona mnada ukivuka 4,000 kwa kilo, watu wakashangilia, na kuna miaka bei imelala chini sana ya hapo. Mimi ningewashauri mpange kwa 2,000 baada ya makato. Kilo 480 ni 960,000. Kwanza ngome irudi na ikuzwe mpaka 300,000, isiguswe. Mama apate yake mkononi, tuseme 150,000, na asiulizwe ameitumiaje. Unyago nitausemea chini kidogo, mtenge 250,000. Nyingine 150,000 iende shamba la mwakani. Itakayobaki, kati ya laki moja na laki tatu hivi kutegemea ngome imechotwa kiasi gani, igawanywe kwa miezi, Januari hadi Mei, iwe ya shule na chakula, mtoe fungu la mwezi tu. Miezi hiyo ndiyo njaa yenu, kisha ndiyo deni la dukani, kisha ndiyo kangomba. Mkiifunga hiyo, mnyororo wote unakatika.

Na kila kinachozidi 2,000 kwa kilo msikizoee kabisa, kiende moja kwa moja kwenye uwekezaji. Bei ikiwa 2,700 kama mwaka jana, ziada ni 336,000. Hapo ndipo pa kuwaza vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mfuko wao wa kwanza, Umoja, ulianza 2005. Unaweza kujiunga kwa kiasi kidogo na kuongeza kwa simu, na katika mfuko wa Ukwasi ukitaka pesa yako inatoka ndani ya siku chache za kazi. Faida haiahidiwi, inapanda na kushuka kulingana na mfuko ulivyowekeza, na yeyote atakayekuahidi asilimia kamili hatoki huko. Lakini tupige mfano wa 10% kwa mwaka. Ukiweka 300,000 kila mwisho wa msimu kwa miaka kumi umetia 3,000,000, na utakuwa na karibu 4,780,000. Binti yako atakuwa na miaka 21 wakati huo. Ukishafika milioni moja njiani unaweza hata kununua hatifungani ya Serikali, yaani kuikopesha Serikali, kupitia benki, ambayo inalipa riba kila baada ya miezi sita kwa miaka mingi. Najua leo hayo yanasikika ya mbali. Nakuandikia uyajue yapo, ili siku ukishika milioni usiambiwe na mtu kwamba pa kuiweka ni kangomba tu.

Jambo jingine ni kalenda. Nyumba yenu inategemea zao moja linalolipa mwisho wa mwaka, ndiyo maana mwezi wa saba ni mkavu. Ufuta unapandwa Januari na Februari, unavunwa kuanzia Mei, na mnada wake unakwenda kupitia vyama vya msingi kama korosho. Mbaazi zinaiva Agosti na Septemba. Ile 150,000 ya shamba mngekodi ekari moja ya ufuta mkailima vizuri, mngekuwa na pesa mwezi wa sita, hasa pale wakopeshaji wanapopita milangoni. Kati ya mikorosho napo, penye nafasi na jua, panda kunde na njugu mawe. Ni chakula ambacho hutakinunua.

Vitumbua navyo visikae vilevile mwaka mzima. Oktoba hadi Desemba pesa iko mtaani, na watu wanashinda kwenye maghala na ofisi za vyama wakisubiri kupima. Huko hamna chai ya kutosha. Kwa miezi hiyo ongeza chapati na maharage, uhamie karibu na ghala. Mafuta nunua kwa dumu la lita 20, mchele na sukari kwa jumla, hata kama ni kuchangia na mwenzako wa VICOBA mkagawana. Ukinunua kwa kipimo kila asubuhi, muuza duka anakula sehemu ya 6,000 yako bila wewe kujua. Na kikundi chenu, kama hakijasajiliwa, mkisajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo, na ndiyo njia ya kuomba ile mikopo ya 10% ya mapato ya halmashauri, ambayo 4% ni ya wanawake na haina riba. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya watawaelekeza. Inachukua muda, fomu ni nyingi, lakini linganisha na 5% kwa wiki.

Sasa unyago. Sitakwambia mtoto asichezwe, mimi mwenyewe nimechezwa na wanangu wamechezwa. Kaka yako ni mjomba wa huyo binti, na kwetu neno la mjomba lina uzito, usimjibu kwa ukali wala kwa simu. Nenda kwake na mama. Mwambie mtoto atachezwa, na ninyi mmeshatenga 250,000. Kisha muulize zile 450,000 nyingine ni za nini hasa. Mara nyingi utakuta za mtoto, za kungwi na za mafundisho ni chache. Kubwa ni muziki wa kukodi, sare za wageni na pilau la watu ambao hawamjui hata binti jina. Wazee wetu waliwacheza watoto kwa pamoja, familia kadhaa, ngoma moja, chakula kimoja. Tafuteni wazazi wengine wawili watatu wenye mabinti wa umri huo, mgawane gharama, mfanye likizo ya Desemba asikose shule hata siku moja. Mjomba akitaka makubwa zaidi ya hapo, achangie. Hilo si kumvunjia heshima, ni kumpa nafasi yake. Ila usikope kwa ajili ya ngoma, si kwa yule kijana wa daftari, si kwa VICOBA, na wala usiahidi korosho za mwaka ujao.

La mwisho, na usilichukulie dogo. Mali kubwa kuliko zote mlizonazo ni zile ekari tatu. Umeniambia mama aliachiwa na bibi. Je, kuna karatasi? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijiji chenye ramani na cheti cha ardhi kinaweza kumpa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila, na mwanamke anaipata sawa na mwanamume. Mama bado ana nguvu na kauli yake inasikika, huu ndio wakati. Mkae naye pamoja na kaka yako, aseme mbele ya wote shamba liwe la nani na kwa namna gani baada yake, mpitie mipaka majirani wakiwepo, ndipo muende kwa mtendaji wa kijiji kuuliza utaratibu umefikia wapi kwenu. Mikorosho uliyoipalilia miaka yote hii isije ikagombaniwa siku ya arobaini.

Shangazi